Kutoka Nukta hadi Kikomo: Historia Fupi ya Istilahi za Grafu katika Kiswahili

1. Utangulizi

Kila lugha inayotaka kubeba elimu ya kisasa hukutana na mtihani wa hisabati, mapema au baadaye. Katika siasa, sheria na utawala Kiswahili kilikwisha kuvuka mitihani ya namna hiyo, na katika hisabati ya shule ya msingi kadhalika. Lakini ipo sehemu moja ya somo hili ambamo mwalimu, hata aliye bingwa wa Kiswahili, hujikuta akirudi kwenye Kiingereza. Ni pale anapomtaka mwanafunzi achore grafu ya fankisheni ambayo haikutolewa kwa fomula, ila kwa thamani zake chache na vikomo vyake. Mwanafunzi huambiwa kwamba mahali fulani fankisheni ina thamani hii, mahali pengine inakaribia thamani ile bila kuifikia, na kwingineko inapanda pasipo mpaka. Kisha huachiwa karatasi tupu. Hana fomula ya kumtegemea. Anayo maneno tu. Maneno yakiwa na ukungu, mchoro nao utakuwa na ukungu.

Makala haya yanakusudia kueleza mambo matatu: jinsi istilahi za grafu zilivyopatikana huko Ulaya, jinsi Kiswahili kilivyojijengea akiba yake ya maneno ya hisabati, na palipobaki pengo. Mifano tutaichukua Kisiba, kusini mwa Tukuyu katika wilaya ya Rungwe. Mahali hapo panafaa kwa sababu mbili. Kwanza, nchi yenyewe ni ya milima na maziwa ya volkeno, na umbo la ardhi yake ni somo la grafu lililo wazi mbele ya macho. Pili, mtoto wa huko hupitia lugha tatu katika safari moja ya elimu: Kinyakyusa nyumbani, Kiswahili katika shule ya msingi na Kiingereza katika sekondari. Kwake yeye, swali la istilahi ni swali la kuelewa au kutoelewa.

2. Grafu na maneno yake huko Ulaya

Wengi hudhani kwamba istilahi za hisabati katika lugha za Ulaya zilizaliwa zikiwa timamu, na kwamba ni Kiswahili peke yake kinachohangaika kutafuta maneno. Historia haikubali hivyo.

Nicole Oresme, mtaalamu wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1382 akiwa askofu, alionyesha mabadiliko ya joto na ya mwendo kwa kusimamisha mistari ya wima juu ya mstari wa mlalo. Kwa macho ya leo ile ni grafu. Lakini Oresme hakuwa na neno grafu, wala fankisheni. Mwaka 1637 René Descartes alichapisha kitabu chake cha jometri, ambamo mistari na milinganyo iliunganishwa, hata umbo likaweza kusomwa kama mlinganyo na mlinganyo ukaweza kuchorwa kama umbo. Yeye naye hakuwa na neno fankisheni.

Neno hilo lilianza kutumiwa na Leibniz mwaka 1673, alipolichukua kutoka katika Kilatini, ambamo lilikuwa na maana ya utendaji au utimizaji wa wajibu. Mwaka 1718 Johann Bernoulli alilifafanua kama kiasi kilichoundwa kutokana na kigeugeu na namba zisizobadilika. Mwaka 1748 Euler alilifungamanisha na fomula: palipo na fomula pana fankisheni. Ilipofika mwaka 1837 Dirichlet aliifungua maana hiyo. Akasema yatosha kila thamani ya x iwe na thamani moja maalumu ya y, hata kama hapana fomula yoyote inayoziunganisha. Kwa muda wa miaka 164, basi, neno lilikuwa lilelile, huku maana yake ikibadilika chini yake kama mto unaohama ndani ya bonde lake.

Neno la kikomo lilipata taabu zaidi. Asili yake katika Kilatini ni mpaka baina ya mashamba. Mwaka 1734 George Berkeley aliwashambulia wanahisabati kwa kutumia viasi vidogo mno ambavyo mara huwapo na mara hutoweka. Katika mabishano yaliyofuata, James Jurin na Benjamin Robins, wote wawili wakiwa watetezi wa Newton, walishindwa kupatana juu ya jambo lililoonekana dogo: je, kiasi kinachokaribia kikomo chake hukifikia au hakikifikii? Jibu halikupatikana katika neno lenyewe. Lilipatikana karibu karne moja baadaye, Cauchy alipoandika mwaka 1821 kwamba shabaha ni tofauti baina ya kiasi na kikomo kuweza kufanywa ndogo kadiri mtu apendavyo. Katika nusu ya pili ya karne hiyo Weierstrass aliyaweka hayo katika kauli kali isiyotaja mwendo wala wakati.

Somo kwa watunga istilahi ni dhahiri. Wataalamu wa Ulaya hawakungoja neno kamili ndipo wafikiri. Walichukua neno la shambani au la ofisini, wakalifanyisha kazi, wakagombana juu yake, na mwishowe wakalifunga kwa ufafanuzi. Anayekidai Kiswahili kitoe siku moja neno lisilo na dosari anakidai kisichopata kutokea katika lugha yoyote.

Tena hata makosa yamo katika urithi huo. Neno la Kisanskrit lililomaanisha uzi wa upinde liliingia katika Kiarabu likiwa sauti tu, likaandikwa kwa konsonanti zake. Baadaye likasomwa kama neno jingine lenye maana ya mfuko au ghuba ya vazi, na watafsiri wa karne ya 12 wakalitia katika Kilatini kwa maana hiyo ya pili. Ndiyo sababu fankisheni mashuhuri ya pembe hubeba hadi leo jina lenye maana ya mkunjo wa nguo. Kosa la mtafsiri limekaa zaidi ya miaka 800, na hisabati imeendelea salama kwa kuwa ufafanuzi ulikuwa imara. Watafsiri wetu wajipe moyo kwa habari hiyo, ila wasiifanye kisingizio cha uvivu.

3. Akiba tuliyoirithi

Kiswahili hakikuingia darasani mikono mitupu. Biashara ya pwani, hesabu za mirathi na kuandama kwa mwezi vilikipa maneno ya kupimia na kuhesabia karne nyingi kabla ya shule za kikoloni. Maneno kama hesabu, hisabati, sifuri, nukta, duara, jedwali na thamani yalitoka katika Kiarabu, yakazoea kinywa cha Mswahili hata yakasahau kwao. Maneno shufwa na witiri, ambayo leo hutenganisha namba zinazogawanyika kwa mbili na zisizogawanyika, yana jamaa zake katika lugha ya ibada. Mwislamu aliyezoea sala ya witri hahitaji kuelezwa sana namba witiri ni ipi.

Upande wa pili ni maneno yaliyofinyangwa kwa udongo wa Kibantu. Kutokana na kulingana tulipata mlinganyo. Kutokana na kugawa tukapata kigawo na kigawe, na herufi moja ya mwisho ikatosha kutenganisha kinachogawa na kinachogawiwa.  Namba isiyo na kigawo ila moja na yenyewe ikaitwa namba tasa, yaani isiyozaa. Mwanafunzi akishasikia jina amekwisha kupata nusu ya ufafanuzi. Kipenyo, nusukipenyo, mzingo, kipeo na kipeuo ni wa kundi hilohilo.

Usanifishaji wenyewe ulianza kuwa kazi ya chombo maalumu mwaka 1930, ilipoundwa Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya nchi za Afrika Mashariki, baada ya lahaja ya Kiunguja kuchaguliwa kuwa msingi wa lugha sanifu. Kamati hiyo ilishughulika zaidi na tahajia, sarufi, kamusi na vitabu vya shule. Hisabati iliyohitajiwa wakati huo ilikuwa ya shule za chini: kujumlisha, kutoa, kupima shamba na kuhesabu fedha. Kwa haja hiyo akiba iliyokuwapo ilitosha.

4. Kutoka 1967 hadi 1984

Mwaka 1967 mambo mawili yalitokea ambayo yaliibadili hali hiyo. Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za Tanzania, na Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa Sheria Namba 27 ya mwaka huo. Hapo ndipo istilahi za hisabati zilipoacha kuwa mambo ya wachache. Mtoto wa Kisiba na mtoto wa Kilwa wakaanza kusoma somo moja kwa maneno yaleyale. Majira ya nukta, mhimili wa mlalo na mhimili wa wima, jedwali na grafu vikawa maneno ya darasani.

Mwaka 1969 Wizara ya Elimu ilifikiria kukipeleka Kiswahili hatua kwa hatua katika shule za sekondari, kwa kuanza na siasa na sayansi kimu, kisha masomo mengine, hisabati ikiwa mojawapo. Siasa ilivuka, hisabati haikuvuka. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza kwamba Kiswahili kianze kufundishia katika kidato cha kwanza mwaka 1985. Mwaka 1984 Serikali ikatamka kuwa Kiingereza kitaendelea, na hadi leo hisabati ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza.

Matokeo yake kwa istilahi ni kwamba ngazi ilijengwa nusu. Chini kuna vidato imara: nukta, mhimili, jedwali, mlinganyo. Juu, mahali pa fankisheni, mwendelezo, kikomo na asimptoti, kuna nafasi tupu au maneno yaliyopendekezwa na watu mbalimbali bila kuzoezwa na madarasa. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilipotoa mwaka 1990 kamusi sanifu ya sayansi, masomo yaliyotajwa katika jina lake yalikuwa biolojia, fizikia na kemia.

Yafaa hapa kukumbuka mkutano uliofanyika Nairobi mwezi wa Septemba 1974, chini ya UNESCO na mashirika mengine, juu ya uhusiano wa isimu na ufundishaji wa hisabati. Katika mjadala huo M. A. K. Halliday alieleza wazo la rejista ya hisabati: kwamba lugha hupata uwezo wa kubeba somo hilo inapojenga maana mpya na namna za kuzisema, na kwamba orodha ya maneno ni sehemu tu ya kazi hiyo. Wazo hilo lilitolewa katika ardhi ya Afrika Mashariki, na sisi tunalihitaji kuliko wengi. Tumekuwa wepesi wa kutunga majina na wazito wa kutunga sentensi.

5. Ardhi ya Kisiba kama grafu

Katika Kinyakyusa kisiba ni ziwa au dimbwi kubwa. Jina linaieleza nchi, maana eneo la Kisiba na Masoko lina maziwa ya kasoko, yaliyoachwa na milipuko ya volkeno ya kale. Ziwa la Masoko ndilo lililochunguzwa sana na wanasayansi: kina chake kinakaribia meta 40, na uso wa maji yake uko karibu meta 840 juu ya usawa wa bahari.

Sasa na tumpe mwanafunzi kazi. Kilele cha Mlima Rungwe kina urefu wa karibu meta 2,960. Mji wa Tukuyu uko karibu meta 1,600. Masoko ni hiyo karibu meta 840. Na uso wa Ziwa Nyasa ni karibu meta 475. Mhimili wa mlalo uonyeshe umbali kutoka mlimani kuelekea ziwani, na ule wa wima uonyeshe kimo cha ardhi. Nukta nne zimepatikana. Je, grafu imepatikana?

Haijapatikana. Baina ya nukta mbili yaweza kupita mistari isiyo na idadi: mmoja unapanda kilima kabla ya kushuka, mwingine unatumbukia bondeni, mwingine unateremka sawasawa. Mwanafunzi akiunganisha Rungwe na Nyasa kwa rula atakuwa ameyafuta maziwa yote na makorongo yote ya katikati. Thamani peke yake husema mahali pa kupita, lakini haisemi namna ya kupita. Ndiyo maana wanahisabati huongeza habari za vikomo: habari za jinsi mstari unavyoikaribia nukta, kutoka upande gani, na kuelekea wapi.

Tuchukue ukingo wa kasoko. Tuufanye ukuta wake kuwa wima kabisa, jambo ambalo maumbile hayalifanyi lakini hisabati huliruhusu, na tuseme grafu yetu yaonyesha kimo cha uso wa nchi na maji. Mtu akiukaribia ukingo kutoka upande wa migombani, kimo kinakaribia kile cha ukingo. Akiukaribia mahali palepale kutoka upande wa ziwani kwa mtumbwi, kimo kinakaribia kile cha uso wa maji. Mahali ni pamoja, vikomo ni viwili: cha kushoto na cha kulia. Vikitofautiana hapana kikomo kimoja mahali hapo, na grafu ina mkatiko. Mwanafunzi wa Kisiba hahitaji kuambiwa mara ya pili. Pengo hilo analijua kwa miguu yake.

6. Maneno manne yenye mgogoro

Neno la kwanza ni kikomo. Limetokana na kukoma, na katika matumizi ya kila siku hudokeza kwamba kitu kimefika mwisho na kimesimama. Mwanafunzi akisoma kwamba kikomo cha fankisheni ni 3 pale x inapokaribia 2, aweza kudhani mstari unaishia hapo, akainua kalamu. Wapo wanaotaka neno jipya kwa sababu hiyo. Lakini tumekwisha kuona kwamba neno la Kilatini la mpaka wa shamba lilikuwa na dosari ileile, na kwamba liliponywa kwa ufafanuzi. Rai ya makala haya ni kulihifadhi kikomo, kwa sharti moja: tusilitumie tena kwa maana ya mpaka wa ukubwa. Mwalimu asemaye kwamba fankisheni inakua pasipo kikomo, na papo hapo akauliza kikomo chake ni nini, amemfunga mwanafunzi miguu. Aseme inakua pasipo mpaka. Tunayo maneno mawili; kila moja lipewe kazi yake.

Neno la pili ni fankisheni. Kwa kufuata asili ya Kilatini wengine wametafsiri kwa kazi. Tafsiri ni ya haki, lakini darasani ina hatari. Agizo la kuchora grafu ya kazi hii laweza kueleweka kama grafu ya zoezi hili, maana kazi ya darasani na kazi ya nyumbani ni maneno ya kila siku shuleni. Wengine hutumia kitendakazi, neno ambalo limekuwa likitumiwa katika mambo ya kompyuta. Kwa hisabati, fankisheni lina faida ya kutogongana na neno lolote lililopo, na pia hubeba maana ya Dirichlet bila kudokeza kwamba kuna kitu kinachotenda. Umaskini wake ni kwamba halijielezi. Mwalimu hana budi kulieleza kwa neno utegemezi: y hutegemea x, na kwa kila x ipo y moja tu.

Neno la tatu ni asimptoti, yaani mstari ambao grafu huukaribia bila mwisho. Katika Kigiriki jina hilo lina maana ya visivyokutana. Anayelitafsiri kwa mstari usioguswa atapotosha, kwa sababu grafu yaweza kuukata mstari huo mara nyingi njiani na bado ikaukaribia mwishoni. Sarufi yetu hutoa njia safi zaidi: mstari ukaribiwao. Neno limejieleza, na halikuahidi lisiloweza kutimiza.

Neno la nne ni tendo lenyewe la kuchora. Kuna kuchora kwa kupanga nukta nyingi na kuziunganisha kwa uangalifu, na kuna kuchora umbo la jumla kwa mkono ili tabia ya fankisheni ionekane. Kiswahili cha darasani huyaita yote mawili kuchora, na mwanafunzi hajui anadaiwa kipi: usahihi wa rula au uaminifu wa umbo. Lugha yetu inalo neno rasimu, linalofahamika kwa watumishi wa serikali kama andiko la kwanza lisilo la mwisho. Rasimu ya grafu yafaa kuwa jina la mchoro wa namna ya pili, na kuchora grafu kubaki kwa ule wa kwanza.

Kabla ya kukopa sauti ya neno la kigeni, yafaa pia kuangalia kama sauti hiyo haina mwenyewe. Jina lile la mkunjo wa nguo, likiandikwa kwa kufuata matamshi ya Kiingereza, huwa saini. Na kila karani anajua saini ni nini. Katika uchaguzi wa maneno Kiswahili kimezoea kujitazama chenyewe kwanza, kisha lugha jamaa za Kibantu, ndipo lugha za mbali. Hivyo ndivyo sarufi ilivyopata ngeli kutoka Kihaya, na vyuo vikuu vikapata kitivo kutoka lugha za milima ya kaskazini mashariki. Hisabati haijavuna vya kutosha katika shamba hilo.

7. Sentensi zilizokwisha kuwapo

Tukiacha majina tukatazama sentensi, hali ni njema kuliko inavyodhaniwa. Dhana ya kikomo ni dhana ya mambo mawili yanayokwenda pamoja, moja likilifuata jingine. Kiswahili kina muundo ulioumbwa kwa jambo hilo: kadiri x izidivyo kuikaribia 2, ndivyo f(x) izidivyo kuikaribia 3. Hakuna kilichokopwa hapo. Izidivyo hutoa mwendo usiokatika, na kukaribia hakusemi kufika.

Hata hekima ya wazee imeligusa jambo hili. Bandu bandu huisha gogo, wasemavyo. Mwanahisabati atauliza: kila pigo linabandua kiasi gani? Ikiwa kila pigo linaondoa kipande kilekile, gogo litakwisha kweli. Ikiwa kila pigo linaondoa nusu ya kilichobaki, gogo halitakwisha kamwe, ingawa kinachobaki kitapungua kuliko kipimo chochote utakachotaja. Kikomo chake ni sifuri. Mwalimu mwenye methali hiyo na kipande cha chaki amepata nusu ya somo.

Ili kuthibitisha kwamba lugha inatosha, hebu tuweke swali zima. Rasimu grafu ya fankisheni f, kwa x isiyopungua sifuri, yenye tabia zifuatazo. Thamani yake kwa x = 0 ni 1. Thamani yake kwa x = 2 ni 1, lakini x ikikaribia 2 kutoka upande wowote, f(x) inakaribia 3. X ikikaribia 4 kutoka kushoto, f(x) inakua pasipo mpaka; ikikaribia 4 kutoka kulia, f(x) inakaribia 0, na thamani yenyewe kwa x = 4 ni 0. Mwisho, x ikikua pasipo mpaka, f(x) inakaribia 2.

Jibu hupatikana kwa kuifuata kauli moja baada ya nyingine. Chora mihimili miwili. Weka nukta iliyojazwa kwenye (0, 1), na kutoka hapo panda polepole hadi kwenye (2, 3). Hapo weka duara tupu, kuonyesha kwamba mstari unaelekea hapo lakini thamani haipo hapo. Thamani iko chini yake, kwenye (2, 1); iwekee nukta iliyojazwa, peke yake. Toka upande wa pili wa duara tupu uendelee kupanda, ukiukaribia mstari wa wima wa vidoto uliosimama kwenye x = 4: huo ni mstari ukaribiwao wa wima. Vuka mstari huo, uanze upya kwenye nukta iliyojazwa ya (4, 0), kisha panda na kujilaza taratibu chini ya mstari wa mlalo wa vidoto uliopita kwenye y = 2: huo ni mstari ukaribiwao wa mlalo. Rasimu imekamilika.

Jirani yako aweza kuwa na mchoro tofauti, nao ukawa sahihi vilevile, maana masharti hayakusema mstari upande kwa kasi gani. Mtahini asitafute mchoro mmoja. Atafute kama kila sharti limetimizwa. Tena aone kwamba kosa kubwa, lile la kuweka nukta iliyojazwa kwenye (2, 3), huzaliwa katika lugha: limetokana na kuchanganya thamani na kikomo, maneno mawili ambayo Kiswahili huyatenga bila taabu.

8. Hitimisho

Historia tuliyoipitia yaonyesha kwamba pengo la istilahi za grafu halikutokana na upungufu wa lugha. Limetokana na kusimama kwa ngazi mahali pamoja tangu uamuzi wa mwaka 1984. Istilahi hukomaa kwa kutumiwa, na neno lisilopata darasa hubaki pendekezo.

Bila kungoja uamuzi mwingine juu ya lugha ya kufundishia, kazi tatu zaweza kufanywa. Walimu, katika maelezo yao ya mdomo, watenge daima thamani na kikomo, na mpaka na kikomo. Watafsiri wa vitabu wasitoshewe na orodha za maneno, bali waandike maswali kamili na majibu kamili, ili sentensi zizoeleke pamoja na majina. Na vyombo vya lugha vikusanye maneno yaliyokwisha kuzuka madarasani kabla ya kutunga mengine. Mara nyingi mwalimu wa kijijini amekwisha kupata neno kwa kulazimishwa na haja.

Mtoto wa Kisiba amekwisha kusimama juu ya ukingo wa kasoko na kuona vikomo viwili kwa wakati mmoja. Akipewa maneno yenye mipaka safi, atakayoyaandika kwenye karatasi yatakuwa yale aliyoyaona. Akinyimwa, atakariri ishara za kitabu na kuzisahau baada ya mtihani, na hasara hiyo haitakuwa yake peke yake.